Blanketi la Mtoto wa Korongoni

Siku Arletta Honahnie aliposhusha bata mzinga kutoka kwenye pikapu yake na kuwaswaga hadi uani kwa mama yake, kijiji kizima kilijua kwamba huko mjini mambo yameharibika. Mwanamke mwenye shahada mbili za mambo ya kale, aliyezoea kurudi nyumbani na maboksi ya vitabu, safari hii amerudi na ndege wenye shingo nyekundu, wanaokunya kila mahali na kupiga kelele kama wazee wa baraza walionyimwa kahawa. Nyumba za pale zimebanana ukingoni mwa mwamba bapa, ukuta kwa ukuta, na chini yake ni jangwa tu mpaka macho yachoke. Hakuna pa kumficha hata kuku, sembuse bata mzinga.

Wa kwanza kufika alikuwa Pernella, dada wa marehemu baba yake. Kwa Wahopi, wenyeji wa jangwa lile tangu kabla ya Wazungu kuja, shangazi ana ruhusa ya kumtania mtoto wa kaka yake mpaka amtoe machozi, na Pernella hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ilale.

"Ehee! Tumekusomesha weee, mwisho wake umerudi mchunga bata?" alisema, mikono kiunoni. "Au mume ndiyo umekosa, sasa unajifugia wa kwako? Yule mwenye kidevu kinachoning'inia amefanana kabisa na yule bwana wako wa mjini Flagstaff."

"Shangazi, niache. Wewe ndiye uliyenituma."

"Mimi?"

"Ulisema kama wamekataa kutoa blanketi, nimfumie mtoto jingine."

Pernella alitazama wale ndege, akamtazama mtoto wa kaka yake. "We mtoto, mimi nilikuwa natania."

"Mimi sikucheka," Arletta alijibu, akafunga lango.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla hata mama yake Arletta hajazaliwa, Wazungu wa makumbusho ya mjini walikwenda kwenye makorongo ya kaskazini, wakapandisha ngazi mpaka kwenye nyumba za mawe zilizojengwa ndani ya mapango ya mwamba, wakachimba. Katika pango moja walikuta mtoto mchanga amelazwa, amefunikwa blanketi lililofumwa kwa manyoya ya bata mzinga. Wakamwondoa. Mtoto wakamtia kwenye boksi, boksi likapelekwa ghalani chini. Blanketi wakalipandisha juu, wakaliweka ndani ya kabati la kioo na kuliwashia taa. Kadiri miaka ilivyokwenda likapata sifa kuliko kitu chochote mle ndani. Picha yake ikachapwa kwenye mifuko na vikombe vinavyouzwa mlangoni. Kibao chake kilisema ni kazi ya watu waliotoweka. Wilmer, ndugu wa mama yake Arletta na mkubwa wa ukoo wao, kila akisomewa kibao kile alijipapasa mikono na mapaja. "Nimetoweka lini, jamani?" aliuliza. "Na kama nimetoweka, mbona mgongo bado unaniuma?"

Alama ya ukoo wao ilikuwa imechongwa ukutani mwa pango lile, juu tu ya pale mtoto alipolazwa. Hilo hata watu wa makumbusho walikuwa wamelipiga picha.

Arletta alikuwa amesomea kamba. Watu wengine waliokwenda chuo wakati wake walisomea vyungu, wengine mahindi ya kale, wengine kuta. Yeye alitaka kujua watu wa makorongoni walivyoshinda baridi ya kule. Alijifunza jinsi walivyopasua uti wa unyoya, wakauloweka, wakauzungusha kwenye kamba ya mkonge wa jangwani mpaka kamba ikawa nene na laini kama mkia wa paka. Ilimchukua miaka, na makumbusho yaleyale yakamwajiri, yakampa meza yake karibu na dirisha. Siku moja, katika droo ya vitu vilivyookotwa pamoja na mtoto, alikuta kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Boksi la mtoto mwenyewe hakulifungua. Mambo hayo kwao hayachezewi. Lakini kile kipande alikitambua. Kilikuwa ni ile pembe inayokosekana kwenye blanketi la juu: mstari uleule wa manyoya meupe, na pale ilipochanika, mafundo yaliyokatika yalifuatana moja baada ya jingine.

Alimwita mkurugenzi, Dakta Whitcomb. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupigana naye. Aliinama, akatazama, akasema, "Kazi nzuri sana, Arletta," kisha akaenda zake kula.

Basi ikaja sheria ya kuwarudisha wafu kwa watu wao. Kwa makumbusho yale ilikuja kwa kujikokota, barua kwa barua, mkutano kwa mkutano, mpaka mwisho wakakubali kwamba mtoto atarudi. Arletta na mjomba wake wakaitwa. Whitcomb aliwakaribisha kwa kahawa na keki, akawaambia kwa upole wake uleule kwamba mifupa watapewa, ila blanketi litabaki.

"Kwa nini?" Arletta aliuliza.

"Ushahidi kwamba ni la huyu mtoto hautoshi. Kamba za wakati ule zinafanana sana. Wewe mwenyewe unalijua hilo."

"Mimi mwenyewe ndiye niliyekuonyesha kipande."

"Kipande kinafanana," alisema Whitcomb. "Kufanana si sawa na kuwa chenyewe. Mikono yangu imefungwa. Bodi haiwezi kutoa kitu ambacho hakijathibitishwa."

Arletta alifungua mdomo kujibu, lakini Wilmer alimgusa mkono. "Tutamchukua mtoto," mzee alisema, akasimama.

Njiani kurudi, walipoanza kupanda mwamba, Arletta alimgeukia mzee.

"Uchi, mjomba?" Arletta alisema. "Tunamrudisha uchi?"

"Amengoja sana. Unataka angoje zaidi kwa ajili ya kamba zako?"

"Si kamba zangu. Ni nguo yake. Mtu alikaa akamfumia, akamfunika nayo, akalia. Hao wamemvua, wakaitia kabatini watalii waitolee macho. Nawe unasema asante?"

"Mimi sikusema asante," Wilmer alijibu taratibu. "Nilisema tutamchukua."

Ni jioni hiyo, jikoni kwa mama yake, Pernella alipotupa ule utani wake huku akimenya pilipili: kama msomi wetu anazijua kamba zote hizo, si amfumie mtoto jingine tuone? Watu walicheka. Arletta hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa tayari ana safari ya kwenda kununua bata mzinga.

Ilibidi angoje majira ya ndege kunyonyoka. Wataalamu wengine walikuwa wameandika kwamba watu wa kale walichinja ndege wengi mno kwa blanketi moja. Arletta yeye alishikilia kwamba waliwafuga kama jamaa wa nyumbani na kuchukua manyoya yaliyokwisha kukomaa, ndege wakiwa hai. Wenzake chuoni walimcheka. Sasa alikaa uani, bata amembana katikati ya magoti, akivuta unyoya mmoja mmoja. Ukivuta uliokomaa, ndege hata hashtuki. Ukikosea ukavuta mchanga, anakupiga ubawa wa shavu mpaka uone nyota mchana. Arletta aliona nyota nyingi. Lakini kikapu kilijaa, na ndege wakatembea uani wakiwa hai, wenye hasira na afya tele. Alimpigia simu mmoja wa wale waliomcheka, akaiweka simu karibu na bata. "Msikilize aliyekufa," alisema, akakata.

Hata hivyo manyoya hayakutosha. Bata wa ua mmoja hawawezi kumfunika hata mtoto mchanga, ukitaka blanketi lishike joto. Habari zilisambaa zenyewe. Gunia moja likaja kutoka Zuni, kwa watu wa kabila jingine la jangwani, limefungwa kwa ushanga wa buluu. Jingine likaja kutoka kwa majirani wa Acoma, pamoja na salamu kwamba nao wana watoto wao kwenye ghala lilelile. Kisha asubuhi moja Bi Etsitty, mama wa Kidiné, kabila jirani, kutoka upande wa pili wa uzio, alisimamisha gari mlangoni, akatupa mfuko juu ya ukuta.

"Nasikia mnataka manyoya," alisema.

"Bi Etsitty!" Arletta alishangaa. "Si ninyi mliotushtaki juzi kwa sababu ya kisima?"

"Kisima tutagombania Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Chukua manyoya."

Kusokota kamba kulimpasua Arletta vidole. Mkonge wa jangwani si rafiki wa mtu. Unauchemsha, unaupiga kwa jiwe, unauchuna, na bado unakukata. Alizungusha manyoya siku nzima huku mama yake akimlisha piki, mkate wao mwembamba wa mahindi, kama mtoto, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa utomvu wa mkonge na damu. Kamba zilipokuwa tayari, alifunga kiunzi cha miti karibu na ukuta, akaanza kufuma.

Hapo ndipo Wilmer alipofika. Wilmer ni mfumaji. Mikanda, majoho ya arusi, mashuka ya sherehe, vyote vimetoka mikononi mwake, na kabla yake mikononi mwa mjomba wake. Kwa Wahopi kufuma ni kazi ya wanaume. Alisimama nyuma ya mpwa wake, akaitazama kazi.

"Tangu lini mwanamke akafuma?"

"Hili nani alilifuma?" Arletta hakugeuka. "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Hata mimi sikuwepo. Inawezekana ni mama yake. Basi acha nifume."

Wilmer aliinama, akavuta ukingo wa kazi ile kwa ncha ya fimbo yake. "Umelegea huku. Umefuma kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Fumua."

"Mjomba!"

"Unamkasirikia Whitcomb, na hasira yote umeitia kwenye mafundo. Hapa umekaza, hapa umelegeza. Utampelekea mtoto ugomvi wako? Fumua."

Arletta aliumia, kwa sababu alijua kwamba ni kweli. Kule chuoni walikuwa wamempa cheti kwa kujua kila fundo la watu wa kale lilivyofungwa. Hakuna aliyemfundisha kufunga fundo bila kinyongo. Alikaa chini, akafumua kazi ya siku nyingi, machozi yakimdondokea, na bata mmoja amesimama pembeni akimkodolea jicho.

Kesho yake Wilmer alirudi na kiunzi chake mwenyewe. Alikitundika kando ya cha Arletta, akaanza mkanda wa pamba, akitikisa kichwa na kuimba kwa sauti ya chini.

"Utanisaidia?" Arletta aliuliza.

"Sitaligusa. Hilo umelianza wewe. Mimi nina mkanda wangu." Kisha akaongeza, "Ila kama una macho, tazama."

Arletta alitazama. Alitazama jinsi mzee alivyovuta uzi na kuuachia, jinsi alivyosimama akishikwa na kikohozi asije akafuma na kikohozi chake, jinsi alivyoondoka kabisa siku aliyogombana na jirani. Wiki zikapita hivyo, mpwa na mjomba bega kwa bega, na Pernella akipita kila mara kuuliza arusi ni lini na bwana arusi ni bata yupi. Blanketi likakua. Lilikuwa la rangi ya mchanga baada ya mvua, na mstari mweupe pembeni. Ukitia mkono chini yake, kabla hujahesabu hata pumzi chache, mkono unapata moto.

Wakati huo habari zilikuwa zimefika mjini. Whitcomb alikuja mwenyewe. Aliacha gari chini, akapanda kwa miguu, akafika amelowa jasho, kofia mkononi. Mama yake Arletta alimpa maji na bakuli la mchuzi wa kondoo na mahindi, kwa sababu mgeni ni mgeni, akala mpaka akamaliza. Kisha alionyeshwa blanketi.

Yule bwana alilisogelea. Alikuwa ametazama vitu vya namna hii maisha yake yote, lakini kila alichokiona kilikuwa kimekufa na kukauka. Hiki kilikuwa kinang'aa. Alipiga magoti mbele yake, na machozi yakamlengalenga, na Arletta akaona kwamba machozi yale hayakuwa ya uongo.

"Hakuna mtu aliyefanya hivi tangu wao," alisema.

"Sisi ndio wao," alijibu Wilmer kutoka kwenye kiunzi chake.

Whitcomb alikaa kwenye kigoda. Alianza taratibu, kwa ile sauti yake. Alikuwa na wazo. Kama makumbusho yatapewa blanketi hili jipya, na jina la Arletta juu ya kabati, na picha zake akifuma, basi yeye ataiambia bodi, na bodi itamsikiliza, kwamba lile la zamani lirudi kwa mtoto. "Jipya kwa la zamani," alisema. "Kila mtu anapata. Mtoto anapata lake."

Mama yake Arletta, aliyekuwa mlangoni, alishika kifua. Maana hilo ndilo lililokuwa likitafutwa siku zote. Arletta alihisi neno *ndiyo* limefika kwenye ulimi. Alimwona mtoto amefunikwa tena kwa kile alichofunikwa mwanzo. Ilikuwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Akauliza, "Kwa hiyo ni lake?"

"Samahani?"

"Umesema mtoto anapata lake. Mwaka mzima umekuwa ukisema ushahidi hautoshi. Mikono imefungwa. Leo nani ameifungua?"

Uso wa Whitcomb uliiva. "Nilikuwa nasema kwa njia ya..."

"Umelisema ukiwa umekaa kwenye kigoda cha mama yangu, mchuzi wake tumboni mwako. Unajua ni lake. Umejua tangu siku ile nilipokuita."

"Arletta, nakupa unachokitaka!"

"Hunipi. Unaniuzia. Umechukua nguo ya mtoto, halafu unataka nikulipe nguo ndiyo uirudishe." Hakuishusha sauti yake. "Na nikikubali leo, kesho watakuja Wazuni kudai vyao, utawaambia nini? Utawaambia, Arletta alituletea jipya, na ninyi leteni. Acoma nao walete. Kila mtu akafume, akafinyange, akachonge, ndipo mumrudishie wafu wake. Hapana. Mimi sitakuwa wa kwanza kulifungua duka hilo."

"Basi hamtalipata," alisema Whitcomb kwa huzuni, akasimama. "Nasikitika. Kwa kweli nasikitika."

"Najua," Arletta alisema. "Shuka polepole, mawe yanateleza."

Alipoondoka, Arletta aliketi chini. Aliogopa. Labda alikuwa amemnyima mtoto nguo yake kwa sababu ya kiburi chake mwenyewe, na hilo lingemkaa rohoni maisha yake yote. Alimtazama mjomba wake, akingoja kukaripiwa.

Wilmer alivuta uzi, akauachia. "Pale ulipofuma leo asubuhi," alisema, "kumekaa vizuri."

Siku ya kukabidhiwa mtoto, wazee walishuka kwa magari matatu. Makumbusho yalikuwa yameandaa shughuli: viti, maua, waandishi wa habari, watu wa bodi wamevaa mapambo ya feruzi shingoni. Shughuli yenyewe ilifanyika katika ukumbi uleule wenye kabati la kioo, kwa kuwa ndio ukumbi mzuri kuliko yote. Boksi la mtoto lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa cheupe. Arletta alibeba blanketi jipya mkononi, limekunjwa.

Whitcomb alihutubia vizuri. Alitaja heshima, alitaja urafiki. Kisha karatasi ikaletwa, na kalamu, Wilmer atie sahihi kwa niaba ya ukoo. Arletta aliisoma kwanza, akamfasiria mjomba wake kwa Kihopi sehemu ya chini: kwamba kwa kumpokea mtoto huyu, ukoo hauna tena dai lolote juu ya kitu chochote kilichotoka katika pango lile, sasa wala baadaye.

Wilmer alimwomba arudie. Arletta akarudia.

Mzee aliichukua kalamu, akaitazama kama mtu anayetazama mdudu, akaiweka juu ya maua. Kisha akaenda taratibu mpaka mbele ya kabati la kioo, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akajishusha, akakaa sakafuni. Yule mzee aliyesema *tutamchukua*, aliyemgusa Arletta mkono anyamaze, alinyoosha miguu yake katikati ya ukumbi kama yuko shambani kwake.

"Mzee," Whitcomb alinong'ona, "kuna tatizo?"

"Hakuna. Napumzika."

"Tungependa kumaliza shughuli."

"Malizeni. Mimi nilitoweka zamani, kibao chenu kinasema. Msinijali."

Mwandishi mmoja alicheka, akapiga picha. Wazee wengine nao wakakaa, mmoja baada ya mwingine, magoti yakilia. Pernella akakaa, akafungua kikapu, akaanza kugawa piki. Alimkaribisha na mlinzi. "Kaa, baba, kula, umekonda kama fimbo. Hapa mwajiri wako anakupa kutazama blanketi tu, halishibishi." Mlinzi alimtazama mkurugenzi, akamtazama Pernella, akapokea mkate.

Arletta hakukaa. Alisimama mbele ya watu wa bodi, akawaeleza kila kitu: kipande cha pembe, mafundo yanayofuatana, na maneno aliyoyasema Whitcomb kwenye kigoda cha mama yake. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayefuma bila kinyongo. Mama mmoja wa bodi, mwenye nywele nyeupe, alimgeukia mkurugenzi. "Ulimwambia ni lake?"

Whitcomb alivua miwani. Angeweza kukana, lilikuwa neno lake dhidi ya la watu wa mwambani. "Nilisema," alijibu.

Hawakupewa blanketi siku hiyo. Bodi ilisema mambo hayo yana utaratibu wake. Lakini jua lilipoegemea madirishani na wale wazee bado wako sakafuni, mtu alileta karatasi nyingine, fupi, isiyo na ile sehemu ya chini. Wilmer alitia sahihi hapohapo alipokaa, akitumia mgongo wa mlinzi kama meza. Kisha Arletta alikunjua blanketi jipya mbele ya lile la zamani, wakamfunika mtoto, boksi na kila kitu, wakatoka naye kwa mlango wa mbele. Walipomfikisha kule korongoni, kilichofanyika huko ni cha wenyewe na hakisimuliwi.

Majira mawili ya mahindi yakapita. Whitcomb alistaafu, akaja mkurugenzi mwingine, kijana mwenye haraka. Kila mwezi Arletta aliwaandikia, kila mwezi wakajibu kwamba suala linashughulikiwa. Kisha asubuhi moja gari la makumbusho lilipanda mwamba likiwa na kreti, na dereva aliyekuwa na karatasi ya kutiwa sahihi. Bodi imeamua, alieleza. Haikusema kwamba blanketi ni la ukoo. Hilo lingeleta maswali kutoka kwa wengine. Ilikuwa imewakopesha. Mkopo wa miaka tisini na tisa.

"Mkopo!" Arletta aliruka. "Rudisha! Rudisha kreti hiyo kwenye gari! Hatukopi cha kwetu!"

Wilmer alikuwa ameshaishika kreti upande mmoja. "We Arletta, kichwa chako kimekuwa jiwe. Limefika mlangoni, limefika."

"Ni kanuni, mjomba! Nilikataa kununua, sasa nikope?"

"Nani amesema ukope? Mpe huyo kijana karatasi yake."

Arletta alipumua. Alichukua karatasi, akatafuta mahali palipoandikwa *mkopaji*, akalikata neno hilo kwa mstari mnene, akaandika juu yake *mwenyewe*. Akatia sahihi. Dereva alisoma, akakuna kichwa. "Sijui kama wataikubali hivi."

"Waambie waje tuzungumze," alisema Wilmer. "Tuna sakafu nzuri."

Kesho yake walikwenda kaskazini, mjomba na mpwa, na wazee wachache, na kreti nyuma ya pikapu. Walirudi bila kreti.

Ukapita mwaka. Arletta alikuwa Acoma, anawasaidia kudai watoto wao, simu ilipolia. Ilikuwa sauti changa kutoka makumbusho, sauti ya mtu aliyeajiriwa karibuni. Kwa mujibu wa taratibu, ilisema, kila kilichokopeshwa hukaguliwa mara kwa mara. Je, blanketi liko mahali pakavu? Liko mbali na mwanga?

"Pakavu sana," alisema Arletta. "Na mwanga haufiki kabisa."

"Vizuri. Na kwa sasa limewekwa kwenye maonyesho, au liko ghalani?"

"Si maonyesho wala ghalani," alijibu. "Linatumika."